Kuhusu Mupepo Mnaotaka Kuutosha Chini ya Shamba Letu

Lubumbashi, Luano, tarehe 9 Juni 2025. Miaka ishirini na miwili na miezi mitatu tangu nitoke Mitwaba kwa miguu.

Mheshimiwa Mama Huguette, Mkuu wa Mashauriano na Wakaaji,

Nakusalimu wewe na wenzako wote wa kampuni, pamoja na mashine zenu, ambazo sifa zake zimefika huku kabla yake.

Tangazo lenu la Kiswahili nimelipata kupitia dada yangu mdogo Claudine, ambaye bado analima shamba letu kule. Linasema mmepewa ruhusa ya "kutosha mupepo wenye kukaa ndani ya majiwe". Nafahamu mlitaka kusema kutoa gesi. Lakini hati husomwa kama ilivyoandikwa, na kwetu mupepo ni upepo, tena ni roho ya mtu aliyetutangulia. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Sheria inasema vilivyo chini ya ardhi ni vya Serikali. Sibishi. Lakini nkambo wetu Kangwa, aliyemzaa baba yetu, alishuka huko mwaka 1961 bila kupitia wizara yoyote. Kama sasa ni mali ya Serikali, basi Serikali ndiyo impelekee unga mweupe kila mvua zinapoanza, na isichelewe, maana nkambo hususa upesi. Isitoshe, hapa mjini wachungaji hutosha mipepo kila Ijumaa bila leseni.

2. Mhandisi wenu amemweleza Claudine kwamba shimo litaanza katika shamba la jirani yetu Mwape, lishuke kilomita mbili, kisha lipinde na kupita chini ya letu. Ndiyo maana aliyeombwa ruhusa ni Mwape peke yake. Mama, kwetu mgeni hupita mlangoni. Anayepita chini ya kitanda ana jina lingine. Mwape amesogeza mpaka kwa jembe miaka thelathini akapata hatua nne. Ninyi mmempa shamba zima kwa siku moja.

3. Mtapasua mwamba kwa maji, mchanga na dawa ambazo majina yake ni siri ya biashara. Kwetu mganga asiyetaja mizizi yake hunywa kwanza yeye mwenyewe. Naomba wahandisi wanywe kikombe kimoja kimoja mbele ya watu, kisha tungoje misimu miwili. Chini ya shamba kuna chemchemi moja. Claudine ana miaka sabini na mmoja, na hana maji mengine.

4. Katika orodha ya waliohudhuria mkutano na kukubali, nimeona jina langu. Nawashukuru. Barabara ile imenishinda miaka yote hii, nanyi mmenifikisha na kunirudisha mchana mmoja. Naomba kujua usafiri mlioutumia. Baada yangu ameandikwa nkambo Kangwa, na msalaba kando ya jina. Karani wenu aliudhania sahihi ya mtu asiyejua kuandika. Majina hayo mliyanakili kutoka daftari la parokia, Mama, na ndivyo tunavyowaandika marehemu. Hata hivyo nakubali: kama mupepo unaweza kusaini, basi unaweza pia kukataa.

Kwa hiyo naomba mkutano urudiwe, waulizwe kwanza walio chini, ndipo walio juu. Nitauongoza mwenyewe. Mimi si mhamaji. Ni mwenyeji aliyechelewa kurudi, na kiangazi hiki nitafika.

Nisalimie wahandisi, karani, madereva waliokwama mpakani Kasumbalesa na mabomba yenu, na Mwape pia mkimwona.

Ni mimi, mwenye subira,
Edouard Kalaba, mwalimu mstaafu

Baada ya sahihi: Nimemsomea Claudine barua hii kwa simu. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akasema: "Yaya, mayi ni miye njo nakunywaka. Sasa weye unaongoza mukutano ya nini?" Kweli, anayekunywa maji yale ni yeye, si mimi kaka yake. Basi futa ombi langu, na nkambo, na unga, na vikombe. Mwulizeni Claudine, kwa Kiswahili chake, na akisema hapana, iandikeni hapana. Mimi hapa Luano nina wajukuu sita na mguu mmoja mzima. Mitwaba sitarudi.