Ubao wa Mispa

Jumanne, 10 Juni 2025. Njombe. Barafu nyeupe juu ya matuta mpaka saa tatu asubuhi.

Edward ametuma picha kwenye kundi la simu la ukoo. Edward ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa Nelly, yeye kamwoa dada yake. Anauza mbao Makambako na ana gari. Basi, hana kingine. Picha ni ya ubao aliouchonga kwa ajili ya Jumamosi, siku ya shukrani ya Baba Mkwe, Mzee Joackim. Kauandika Mispa, halafu: Bwana aangalie kati yangu na wewe tutakapokuwa mbali. Mwanzo 31:49. Amina thelathini na moja! Mzee mwenyewe akajibu, "Asante, Edward mwanangu." Mimi huniita Hezekia wa Njombe, kana kwamba Hezekia tuko wengi na anatupanga foleni.

Jumamosi hiyohiyo Mzee atamtaja msemaji wa familia. Hana mtoto wa kiume, na magoti yamechoka. Mmoja wetu atasimama badala yake kwenye posa na misiba. Nani amesoma vitabu mia mbili? Si muuza mbao.

Jumatano, 11 Juni.

Nimekwenda kwa Mchungaji Rejoice kuazima kitabu cha ufafanuzi wa Mwanzo. Kumbe! Aya ile si baraka hata kidogo. Anayesema ni Labani, baba mkwe, na anamwambia Yakobo, mkwe aliyeondoka kimyakimya na binti zake wawili pamoja na mifugo. Kamfukuza siku saba hadi milima ya Gileadi. Wamerundika mawe yawe mpaka. Hawaaminiani! Na Mispa kwa Kiebrania ni mahali pa mlinzi, juu, anapochungulia adui anatokea wapi. Yaani: mimi sitakuona, basi Mungu akukazie macho.

Edward kamchongea Baba Mkwe tusi kwa herufi kubwa. Nilicheka mpaka Mchungaji akauliza kama naumwa. Nikamweleza. Akasema ni kweli, ila nisome sura yote mpaka mwisho. Nikamjibu nilichopata kinanitosha.

Ningeweza kumpigia Edward nimwonye. Salio lipo. Nia haipo.

Alhamisi, 12 Juni.

Nelly kauliza nani atamsaidia kuchimba viazi kabla lori la mnunuzi halijafika kesho. Nikamweleza kwamba niko sura ya thelathini na moja. Akavaa mabuti yangu, akaenda. Jioni akauliza magunia yatabebwa na nani. Bado nilikuwa Gileadi.

Mpango: nimempigia Edward kwa sauti ya asali, nikamwomba Jumamosi aieleze aya yake mbele ya watu. Nilitaka aanze na upendo, aende kwenye amani, kisha nisimame nimwangushe. Amekataa! Eti yeye ni mtu wa msumeno. "Kaka, msomi ni wewe. Eleza wewe." Unyenyekevu wa maonesho. Nimekubali hata hivyo. Sasa nina kipaza sauti peke yangu.

Jumapili, 15 Juni. Makambako, kituo cha mabasi. Peke yangu.

Jana, basi, nyumbani kwa Mzee. Turubai, pilau, watu kama mia. Nilisimama dakika arobaini. Labani, mbuzi, mawe, mlinzi. Nilihitimisha kwamba anayegawa aya bila kusoma kilichoizunguka ni sawa na anayegawa dawa bila kusoma karatasi yake, na kwamba ubao huu unamwita Mzee wetu mtu wa kuchungwa. Edward aliangalia viatu vyake. Raha iliyoje!

Mzee Joackim akaomba kipaza sauti. Akasema mkwe wake amefafanua vizuri kuliko alivyotegemea. Edward alichonga tu. Aya aliichagua Mzee mwenyewe. Tena mbao ziko mbili, moja kwa kila mkwe. Zote ni zawadi yake, na ya kwangu ilikuwa nyuma ya kiti chake muda wote.

"Labani ni mimi," akasema. "Nelly, mwanangu, tusomee inayofuata."

Nelly akasoma polepole. Aya ya hamsini: Labani anamwambia Yakobo kwamba akiwatesa binti zake, au akioa wake wengine juu yao, hata kama hakuna mtu anayeona, Mungu ni shahidi.

Sikuwa nimefika huko.

Mzee akamwuliza binti yake kama ana neno.

"Mikono hii hapa, baba," Nelly akasema. "Magunia kumi na manne nimechimba kwenye barafu. Mume wangu alikuwa Gileadi."

Shangazi zake walicheka mpaka wakashikana. Mzee hakucheka. Akasema Nelly abaki kwake apumzike, na mimi nikimtaka nimfuate pamoja na mtu mzima. Msemaji wa familia ni Edward. Naye akashukuru kwa maneno mawili, akakaa. Leo kanileta kituoni kwa gari lake, na ubao kanibebea mwenyewe. Mnafiki!

Jumatatu, 16 Juni. Njombe.

Nyumba kimya. Nimesonga ugali, umekuwa uji.

Mchungaji Rejoice amekubali kunisindikiza Jumamosi kumfuata Nelly. Kanishauri safari hii nisibebe kitabu. Nibebe neno moja, "nimekosa", na nimwambie Nelly, si mkutano.

Nimelitafakari. Lakini haki nayo itendeke. Aya ya hamsini nimeisoma sasa, kwa makini. Neno lile la Kiebrania la kutesa ndilo linalotumika kwa Waisraeli kule Misri. Kule walifyatua matofali. Hakuna mahali panapotajwa viazi. Na hao wake wengine sijaoa hata mmoja. Je, Edward naye amechunguzwa? Mbona kwake aya inaishia ukutani?

Nimeanza kumwandikia Mzee. Niko ukurasa wa kumi na moja. "Nimekosa" limo. Nimeliweka kwenye tanbihi.