Nimshinde Kaka Kabla Hajaondoka

Jumatatu, 3 Juni

Daktari kamwambia Shemeji kwamba mumewe, kaka yangu, hatamaliza mwezi. Ini limekwisha. Nimelia hadi pua ikaziba. Halafu likanijia wazo lililoniuma zaidi: tangu utoto sijawahi kumshinda Kaka drafti. Hata mara moja! Akiondoka hivi nitabaki mshindwa milele, na wa kumlipiza hayupo. Lazima nimshinde. Haraka.

Jumanne, 4 Juni

Nimefunga karakana mapema. Nimempelekea mto niliomshonea mwenyewe, sponji ya daraja la kwanza, ile ninayoweka kwenye makochi ya matajiri. Shemeji kanibariki, eti ndugu ni kufaana. Hakujua mpango: mgonjwa akae raha, asinzie. Kakaa raha kweli. Kasema hajakaa bila mgongo kumuuma tangu alipoanza kuugua. Kisha akanila kete nne kwa mpigo. Sponji yangu mwenyewe!

Jumatano, 5 Juni

Mpango wa pili: kumchanganya kwa maneno. Kila akitaka kusogeza kete, namtajia marehemu Mama na mwiko wake wa kutuchapia. Kacheka mpaka kakohoa. Akanikumbusha siku nilipotumbukia kwenye pipa la maji, yeye akanitoa kwa kunivuta masikio. Nilikuwa nimesahau kabisa. Tukacheka wote, nami nikaacha kingi yangu wazi. Kaila huku anaendelea kusimulia. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Nimegundua siri yake. Kaka hanywi dawa ya maumivu mpaka mchezo uishe, kwa sababu inamlewesha. Kumbe ndiyo maana ananifunga huku jasho linamtoka! Nikamvuta Shemeji jikoni. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba si haki mgonjwa ateseke kwa ajili ya mchezo. Kesho ampe mapema, ndani ya uji, asimwambie. Shemeji akafuta macho kwa kiganja. Akasema hakujua kama nampenda kaka yangu kiasi hicho. Nilijisikia vibaya. Si sana.

Jumamosi, 8 Juni

NIMESHINDA! Uji ulifanya kazi: macho yalikuwa yanajifumba yenyewe. Sheria ya nyumbani kwetu tangu zamani: ukisahau kula, kete iliyopaswa kula inatolewa. Kasahau, kasahau tena, na tena. Zote nimezitoa bila aibu. Mwisho alinitazama kwa muda mrefu.

"Basi, mdogo wangu," akasema. "Leo umenipata."

Akaniomba nije kesho tucheze marudiano. Nikasema tutaona. Njia nzima nilipiga mluzi. Kinyozi nimemsimulia mchezo wote, kete kwa kete, mpaka akasahau kuninyoa upande mmoja.

Jumatatu, 10 Juni

Shemeji kapiga simu. Jana Kaka alinisubiri, leo pia ananisubiri. Nimesema nina kochi la watu la kumaliza. Kochi lenyewe nilikuwa nimelilalia. Mjinga gani anampa marudiano mtu aliyemshinda mara moja tu maishani? Nikifungwa, watasema nilibahatisha. Bora nikae na sifa zangu.

Jumatano, 12 Juni

Kaka amefariki alfajiri. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 14 Juni

Jana tulimzika. Leo Shemeji kaniita chumbani kwao. Mto wangu bado uko kitini, umebonyea katikati. Mbele yake drafti, kete zote zimepangwa, za kwangu upande wangu. Shemeji kasema Kaka alizipanga Jumapili, akakataa ziguswe, na kila mlango ukigongwa aliuliza kama ni mimi.

Nikauliza, kwa hasira kidogo, kama alikuwa na hamu nami hivyo, kwa nini hakuniachia nishinde siku zile, nikaja kwa furaha?

"Alikujua, shemeji," akasema. "Aliniambia, siku dogo akinishinda, harudi tena. Ndiyo maana alikuwa anavumilia bila dawa." Akaigeuza kete moja mkononi. "Na dawa nilimpa mimi."

Ilikuwa nafasi yangu ya kukiri kwa nini nilimshauri, sikukiri. Nimerudi nyumbani na ule mto, nimeukumbatia na kulia mpaka ukalowa. Najichukia. Naandika hapa ili nisisahau: mtu ni bora kuliko ushindi. Nimeelewa. Nimebadilika.

Jumapili, 16 Juni

Nimekwenda kumjulia hali Shemeji. Tulikaa kimya mpaka kimya chenyewe kikachosha. Akavuta drafti, akasema tucheze, angalau isikike sauti ya kete humu ndani. Nikamhurumia. Mjane wa siku chache! Nikaamua kumwachia ashinde.

Kanimaliza kabla sijapata nafasi ya kumwachia. Nikaomba tena, safari hii kwa nguvu zangu zote. Kanimaliza tena. Kumbe miaka yote ya ndoa yao, mwalimu wa Kaka alikuwa yeye!

Wakati wa kuaga akaniuliza kama kesho nitakuja. Nitakuja, tena mapema. Nimeona kitu: machozi yakimlengalenga, haoni vizuri kete za pembeni.

Kesho nitaanza kwa kumtajia Kaka.