Jina la Babu Chuma Halimo Kwenye Ubao Wenu

Binti yangu ndiye anayeongoza wageni kwenye uwanja wenu wa vita!

Mheshimiwa Mkuu wa Makumbusho,

Najua unajua, maana saini kwenye barua yake ya kazi ni yako, lakini mimi mama mtu sijachoka kutangaza. Mtaani sasa naitwa Mama Vita. Pamoja na salamu, pokea malalamiko.

1. Ubao wenu wa mashujaa una majina mia mbili na kumi. Nimeyapitia yote kwa kidole. La Babu Chuma, babu yangu mzaa baba, aliyeaga kwenda vitani na bunduki begani ukoo mzima ukitazama, halimo.

2. Karani wa langoni akaniambia eti ubao ni wa waliofia hapo. Nikamjibu, mwanangu, kufa amekufa, tatizo ni mahali tu. Akajifanya anatafuta kalamu.

3. Binti alipowasimulia wageni habari za Babu, ulimwita ofisini ukamwonya: akimtaja tena, atahamishiwa dirisha la tiketi. Mheshimiwa, sauti ile ukaifungie nyuma ya kioo? Akieleza shambulio la asubuhi, hata mimi niliyemzaa nainama risasi isinipate.

4. Mmeandika kwamba vita vilikwisha kabla ya saa sita mchana. Haraka ya nini? Naomba visogezwe hadi jioni, Babu apate nafasi ya kufa kwa heshima. Kule kuteleza bafuni kulikomuua akiwa na miaka tisini, hilo tutalisahau wenyewe nyumbani.

Nisikuchoshe. Nisalimie mkeo, walinzi na mfagiaji, na yule karani pia, sina kinyongo naye.

Ni mimi, ninayedai haki bila kugombana,
Mama wa mwongoza wageni wako hodari.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, shangazi, kitinda mimba wa Babu, ameisoma barua. Amecheka hadi akakaa chini. Anasema Babu mwenyewe alimwambia kwamba alitoroka siku moja kabla ya vita, na wiki hiyohiyo akamwoa bibi. Nimewaza: angebaki, baba hayupo, mimi sipo, na wewe huna mwongoza wageni. Basi jina msiandike. Lakini binti asiende dirishani, nakusihi. Aongeze kituo kimoja tu, kule kwenye vichaka alikopenya Babu, shangazi atamwonyesha. Gari limeshakodiwa, tuko thelathini na mmoja, na wewe uwepo. Ni Jumamosi hii, saa tatu asubuhi.