Mbio Mbili za Kuwashinda Wazambia

Jumatatu, 2 Juni 1975

Nimetukanwa! Na si mimi peke yangu, Zaire nzima.

Wamefika Wazambia kumi na wawili, mafundi wa reli, kujifunza injini mpya kwenye depo yetu hapa Kamina. Wiki tatu. Mkubwa wao anaitwa Edmond. Edmond! Jina la ubatizo, mchana kweupe, na hakuna anayemkamata. Mimi nilikuwa Lazare mpaka walipotukataza majina ya Wazungu. Sasa niko Ngoie tu, hata kanisani mchungaji anakohoa kwanza kabla ya kuniita.

Leo alikuja bilo yetu ya zone, ofisi ya serikali ambako mimi ni karani, kugongewa muhuri karatasi zao. Nikamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba mwaka jana kule Cairo tuliwafunga mbili bila na kikombe kikaja kwetu. Akakubali. Halafu akauliza Wayugoslavia walitufunga ngapi kwenye Kombe la Dunia. Bilo nzima ikacheka, karani mwenzangu Kalala kuliko wote. (Tisa. Sitaiandika tena.) Edmond akasema sawa, mpira wa miguu ni wetu, lakini kriketi Wazaire hawajui hata gongo linashikwa upande gani.

Njo pale kinywa kilinitoroka. Nikasema mimi nilicheza kriketi kulekule kwao Ndola, msimu mzima.

Ukweli, kwa daftari hili tu: nilikuwa na miaka kumi na sita, nikafagia uwanja wa klabu ya Wazungu miezi mitatu. Ninachokumbuka ni kwamba katikati ya mchezo wanasimama kunywa chai.

Commissaire wa zone, mkubwa wetu, alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaamua palepale: mechi Jumamosi tarehe 14, saa tisa, uwanja wa mbele ya bilo, kapiteni Ngoie. Tena atakayeleta ushindi atapewa ofisi mpya ya michezo. Meza yake mwenyewe, mlango wenye kufuli, na baiskeli! Miaka sita nagawana meza na Kalala. Kiwiko chake kinalala juu ya karatasi zangu kama mbuzi aliyechoka. Ile ofisi ni yangu.

Jumatano, 4 Juni

Mazoezi ya kwanza. Edmond ametuazima gongo moja na mpira mmoja, kwa tabasamu nisilolipenda. Seremala akachonga magongo mengine matatu ya mti wa mulombwa. Mazito! Ukimaliza kulinyanyua, mpira umeshapita zamani.

Nikawaeleza wachezaji: vijiti vitatu huku, vijiti vitatu kule, mmoja anarusha mpira aviangushe, mwingine anavilinda kwa gongo. Hapo elimu yangu ikaisha. Wakauliza pointi zinapatikana namna gani. Nikasema inategemea. Wakauliza mpira ukienda mbali inakuwaje. Nikasema tunakunywa chai.

Mpira ukampiga Kalala kwenye muundi. Nikasema hata Ndola wanaanza hivyohivyo. Hakulalamika. Alitoa kadaftari mfukoni akaandika. Sipendi mtu anayeandika-andika.

Ijumaa, 6 Juni

Msaliti! Shuleni walimu wa misioni walitufundisha kuandika Kiswahili safi, lakini leo naona inatoka ya Kamina tu. Kalala iko muntu mubaya!

Alikwenda depo kwa Edmond, akamwuliza sheria zote za kriketi, moja moja, wakila karanga. Sasa anajua. Ukipiga mpira, weye na mwenzako munakimbia kubadilishana vijiti. Kila mukifika, pointi moja. Mpira ukidakwa hewani, umetoka. Vijiti vikiangushwa kwa mpira mungali katikati, mumoja ametoka. Anawafundisha wachezaji wote. Mimi wananiita kapiteni, macho yako kwa Kalala.

Nikaenda kulalamika kwa Commissaire kwamba raia anapokea mafunzo kwa adui. Akasema vizuri sana, wengine wafuate mfano wake.

Nyumbani Ndaya, mke wangu, akauliza kama mchezo huu naujua kweli. Nikamjibu kwa ukali kidogo: Mama Umba, unamwuliza nani? Akaendelea kusonga bukari. Kisha akasema, bila kugeuka: "Baba Umba, weye ulifagia." Yoo! Mama yangu njo alimwambia. Wanawake wa nyumba hii hawana siri.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata! Nimepata!

Jioni nilikuwa natoka bilo. Saa kumi na mbili kamili Bokungu, polisi wa bendera, akapiga filimbi, bendera ikaanza kushuka. Na kama kila siku, Kamina ikasimama. Mwenye baiskeli kashuka, mikono imenyooka. Mama mwenye beseni la majani ya sombe kichwani, kimya. Wawili waliokuwa wanatukanana wakanyamaza katikati ya tusi, wakangoja bendera ifike chini, wakamalizia. Mimi mwenyewe nilikamatwa mguu mmoja uko hewani.

Njo pale akili ikafunguka. Uwanja uko mbele ya bendera. Tuseme tumepiga mpira juu, Mzambia yuko chini yake, mikono tayari kudaka. Filimbi! Atadaka vipi? Atasimama, mpira utaanguka chini, hatujatoka. Nani anaweza kusikia ile filimbi akaendelea kutembea? Mimi sijamwona bado.

Nikamfuata Bokungu. Ni mtu wa mkoa wa Équateur, mtu wa amri. Akaniambia, nusu Kilingala nusu Kiswahili, kwamba bendera inashuka saa kumi na mbili na kwamba saa ni ya Leta, ya serikali. Nikasema saa ya mkononi inaweza kukimbia kidogo. Akasema yake haijawahi. Nikaweka mezani samaki wanne wakavu wa Mulongo, wanene kweli. Akaitazama saa yake muda mrefu, akasema ni kweli, siku hizi inakimbia.

Alama yetu: nikitoa kitambaa cheupe. Kalala sikumwambia. Kapiteni lazima awe na siri zake.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nimesema mgongo unauma. Nieleze yote, labda nitapumua.

Jana Kamina yote ilikuja, hata wake wa askari kutoka Base ya jeshi, na viti vyao. Refa alikuwa Mwingereza mmoja anayefundisha shule. Wazambia wakaanza kupiga, wakapata sitini na moja. Chai ikanywewa. Chai niliiongoza vizuri, hakuna atakayebisha.

Zamu yetu. Kalala akapiga ishirini na saba, kadaftari mfukoni. Wengine wakatoka mmoja mmoja mpaka nikabaki mimi, wa mwisho, nimesimama upande mmoja, Kalala upande wa pili na gongo. Tuna sitini. Mbio mbili tu, tumeshinda! Akina mama wanaimba, Commissaire amepanda juu ya kiti. Saa kumi na mbili kasoro robo.

Edmond akarusha. Kalala akapiga, mpira ukapanda juu sana. Tukakimbia. Kule mbali Mzambia mmoja mrefu akaja chini yake, mikono wazi. Nikachomoa kitambaa. Bokungu, Mungu ambariki, akapiga filimbi.

Mzambia akashtuka, mpira ukampita vidoleni, ukaanguka. Ilifaulu! Naandika tena kusudi isisahaulike: ilifaulu!

Lakini Kalala alikuwa amesimama. Katikati ya njia, mikono imenyooka, kidevu juu. Nikataka kumfokea akimbie. Sikuweza, maana minyi pia nilikuwa nimesimama! Miguu haikuniuliza. Watu wote wamesimama, Commissaire juu ya kiti chake, wauza karanga, refa. Na sijui ni heshima au ni wale samaki, Bokungu hajawahi kuishusha bendera polepole vile.

Wazambia peke yao walikuwa wanatembea. Yule mrefu akaokota mpira, akamtazama Kalala, akanitazama mimi, akamrushia Edmond. Edmond hata hakukimbia. Akaja taratibu, akapita karibu yangu mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake, akanisalimia kwa adabu, kwa Kibemba: "Mwapoleni, mukwai." Mimi macho kwenye bendera. Akagusa vijiti vyangu kwa mpira, kidogo tu. Vikaanguka. Refa akangoja bendera ifike chini, kisha akanyanyua kidole. Nimetoka mimi. Sitini na moja kwa sitini.

Nikapiga kelele kwamba filimbi imetuharibia. Commissaire akashuka kitini. Akaniuliza, kwa sauti ndogo, ni nani aliyeharibu: bendera? Nikasema hapana, Citoyen Commissaire, bendera haikuharibu kitu. Basi nani? Nikasema hakuna. Niliogopa sana. Watu wamepoteza kazi kwa neno dogo kuliko lile. Yeye akatazama saa yake, akamtazama Bokungu.

Kalala alitembea mbele yangu njia nzima. Nilimwona akifuta macho kwa mkono wa shati. Sikujua kwamba alitaka sana kushinda. Iliniuma, kweli iliniuma, mpaka nilipofika nyumbani.

Jumanne, 17 Juni

Hukumu. Commissaire alitukusanya wote bilo.

Kwanza, akasema, mbele ya wageni Wazaire wawili walikubali kushindwa kuliko kuidharau bendera. Barua ya sifa itakwenda Lubumbashi. Jina la kwanza: Kalala, kwa sababu alisimama wa kwanza na pia alipiga ishirini na saba. Ofisi ya michezo ni yake. Meza, mlango, kufuli, baiskeli. Na nani alipiga ile barua kwenye mashine, nakala tatu? Minyi!

Pili, Bokungu amehamishiwa ghala kwa ajili ya saa yake. Hakunitaja hata kidogo. Mtu mwema, tena samaki wameshaliwa. Filimbi ikabaki haina mtu. Commissaire akanitazama, akasema kwa kuwa nilisimama vizuri kuliko nilivyocheza, kazi hiyo ni yangu, asubuhi na jioni, Jumapili pia.

Ndaya alicheka mpaka akaangusha mwiko.

Alhamisi, 19 Juni

Kalala amehamisha vitu vyake. Alikuja kuniaga kwa mkono. Akasema hana kinyongo, kwamba bendera ni bendera, na mwezi wa nane wakienda Ndola kwa mechi ya marudio angependa niwe msaidizi wake. Nikasema nitafikiri. Sasa meza nzima ni yangu. Sijui la kuifanyia.

Baiskeli yake ni ya kijani, ina kengele. Kila jioni anashuka nayo kutoka stesheni, mteremko wote, miguu ameiachia pembeni, akipiga kengele bila sababu. Chini pale, mbele ya bilo yetu, kuna rundo la majani mabovu na kinyesi cha mbuzi lililokusanywa Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji. Anapita hapo kwa kasi saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nimemwangalia siku mbili mfululizo. Raia mwema kama Kalala akisikia filimbi atasimama palepale penye rundo, hawezi kujizuia.

Bokungu aliniachia filimbi pamoja na saa yake. Nimeitazama mchana kutwa, kwa makini. Tulimdhania vibaya yule mtu. Saa inakimbia kweli. Dakika tano, hivi.