Wakili wa Singo

Jumatano asubuhi, birika langu halijachemka hata mara ya pili, Harrison alifika mbio kibandani kwangu hapa Shimoni, simu mkononi, roho juu.

"Wasee! Harusi ya Tofiki imeenda!"

Nikamwambia akae chini aamkie kwanza. Watu wa bara hawa, hata msiba huuleta bila salamu. Yeye hufanya kazi kwenye nyumba ya wageni wa kizungu, na sisi twamwita Losheni, maana hunukia kabla hujamwona.

"Shikamoo, Mzee Chengo."

"Marahaba. Haya, sema sasa."

Akatuwekea sauti ya Bi Mwanafatuma, nyanyake bibi harusi, iliyotumwa kwenye kundi la simu la harusi: "Asalaam aleikum. Nimesikia bwana harusi amekataa singo. Ukoo wetu haujaoza binti kwa mume asiyesuguliwa. Anaficha nini? Nakuja leo mwenyewe na bakuli langu. Singo isiposuguliwa leo, Ijumaa hakuna nikaha."

Singo si mchezo. Ni liwa, asumini, karafuu na marashi vikakandwa pamoja, na bwana harusi husuguliwa na wanaume wenzake mpaka useja umtoke. Bibi wa bibi harusi haweki mkono, yeye hukaa kitini akasimamia.

"Mtu akatae manukato?" akasema Jaafar, fundi wa mashua, jina lake la hapa Kalafati, maana kazi yake ni kuziba nyufa za vyombo. Ana miaka hamsini na minne na ngozi kama sakafu ya karakana yake. "Mimi nilisuguliwa mwaka niliooa, mpaka leo nikitoka jasho nasikia karafuu."

"Sisi hatuisikii," nikamwambia.

Hapo ndipo Tofiki mwenyewe alipotokea. Saa mbili asubuhi, jua halijakaza, na yeye yuko chini ya mwavuli. Uso kaupaka krimu, mweupe kama ukuta wa msikiti unaongoja Idi.

"Subhanallah!" Jaafar akamwaga kahawa. "Umekufa lini?"

"Ni krimu ya kuzuia jua. Msinichekeshe, tafadhali. Nikicheka mdomo wapasuka."

"Basi usicheke."

"Si nyinyi mwanichekesha!" Na kweli, mdomo ukapasuka palepale. Akatoa kikopo mfukoni, akajipaka mafuta, akafuta chozi.

Akatueleza. Miezi sita amemeza vidonge vikali vya chunusi, kwa amri ya daktari wa ngozi. Kamaliza wiki iliyopita. Chunusi zimeondoka, alhamdulillahi, lakini ngozi imebaki nyembamba, kavu, ukiigusa yabanduka. Akatoa karatasi. Losheni akaisoma kwa sauti: "Miezi sita baada ya dawa: usisugue, usichubue, usitoe nywele kwa nta. Sabuni laini. Mafuta ya kulainisha asubuhi na jioni. Jikinge na jua."

"Huyo daktari kaoa?" Jaafar akauliza.

"Sijui."

"Hajaoa. Sikiliza, mwanangu. Chombo kikikauka, mbao zikaachana, mimi huziba kwa pamba, nikapaka mafuta ya papa. Siku tatu tu, hakivuji."

"Mimi sivuji, Ami! Nabanduka!"

"Dawa ni moja."

"Manze, usiguse hiyo kitu," Losheni akaingilia. "Wageni wetu hupakwa matope ya bahari na tango machoni. Wanalipia!"

"Tango wapelekee wazungu wako huko," nikasema. "Hapa watu wanataka kahawa."

Lakini Tofiki hakuwa akitusikiliza. Alikaa kwenye benchi, mwavuli begani, sauti yake ikashuka. "Miaka kumi nimepigwa picha kisogoni. Picha niliyompelekea Bushra mara ya kwanza ilikuwa kisogo. Akaniandikia, ati kisogo kizuri, je kina mwenyewe? Nilimeza dawa ili Ijumaa nimtazame uso kwa uso. Nikisuguliwa leo, Ijumaa ataolewa na kidonda. Nisiposuguliwa, haolewi na mimi kabisa."

Wallahi, nilimwonea huruma, nikamtilia kahawa kikombe kilichojaa. Mimi hujaza nusu.

Jaafar akasimama. Macho yake yaling'aa, na hapo ndipo niliogopa.

"Kwenye nikaha, mtu akiwa safarini, si huweka wakili?"

"Huweka."

"Wakili hujibu badala yake, na ndoa yaswihi?"

"Yaswihi."

"Basi kama ndoa nzima yaweza kuwekewa wakili, singo itashindwa nini? Nisugueni mimi!"

Mimi nilikataa. Nasema hapa ijulikane kwamba nilikataa. Lakini Losheni alishatandika mkeka, Jaafar kalala, leso ya mke wangu imemfunika uso mpaka magotini, na Tofiki kafichwa nyuma ya gunia la makaa na mwavuli wake. Bi Mwanafatuma huyo anaingia, bakuli limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Nikamletea kiti.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Huyu ndiye bwana harusi?"

"Ndiye. Ana haya."

Akaitazama miguu iliyotokeza chini ya leso. Visigino vimepasuka, vimejaa lami.

"Jaafar," akasema, "nisalimie nyumbani."

"Aleikum salam, Bi," ikajibu leso.

"Na wewe wa mwavuli, makaa hayafunguliwi mwavuli. Njoo hapa."

Tofiki akatoka, makaa juu ya krimu. Akampa karatasi kwa mikono miwili. Bi Mwanafatuma akavaa miwani, akaisoma pole pole, mara mbili.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya, nyanya."

"Haya ya nini? Bushra alikukubali na chunusi zako zote, akaniambia nyanya, huyu ndiye. Singo ni kumpendeza mtu. Sasa nikuchune kama mbuzi, nitakuwa nimempendeza nani?" Akaikunja karatasi, akaitia kifuani. "Yako itangoja miezi sita. Nitakuja nayo, usinikimbie."

Tofiki akatabasamu, mdomo ukapasuka.

"Lakini hii nimeikanda tangu alfajiri," Bi Mwanafatuma akaendelea, akafunua bakuli, "na singo ya harusi haitupwi." Akatutazama mmoja mmoja. "Mlitaka uwakili, si ndiyo? Vueni mashati. Suguaneni."

Losheni alijaribu mlango, akakuta mkongojo wa Bi umeuziba. Tulisuguana mpaka adhuhuri. Jaafar alitoa takataka za tangu alipooa, na chini yake, Mungu ni mkubwa, kulikuwa na kijana.

Ijumaa msikitini tulikaa mstari wa mbele, twang'aa, twanukia. Tofiki katikati yetu, krimu usoni, magamba puani. Sheikh akaja, akatutazama, akatabasamu, akaushika mkono wa Jaafar kwa nguvu.

"Nimekuozesha Bushra..."

"Sheikh!" Sauti ya Bi Mwanafatuma ilipita pazia la wanawake. "Huyo ni wakili wa singo tu! Bwana harusi ni huyo anayebanduka!"

Msikiti mzima ukacheka. Tofiki akatoa kikopo chake, akajipaka midomo kwanza, ndipo akasema amekubali.