Mwamuzi wa Tetere na Kibofu Chake

Jumatatu, 4 Agosti
Pak Harsono ameacha kazi ya uamuzi. Magoti. Jumapili chama chetu cha wafuga tetere wa mashindano ya kuimba hapa Klaten kitachagua mwamuzi mkuu mpya, na nani ana sikio kama langu? Miaka thelathini na moja ya ualimu. Nilisikia mnong'ono wa dawati la nyuma nikiwa nimewapa mgongo.

Tatizo moja tu. Mwamuzi husimama uwanjani dakika arobaini kila raundi, macho juu kwenye vizimba vya milingotini, na haruhusiwi kutoka. Mimi asubuhi ya leo, kati ya chai na gazeti, nimekwenda msalani mara nne. Nasimama pale kama abiria wa basi lililochelewa. Halafu tone. Tone. Basi.

Mke wangu, Sutinah, kasema niende kwa daktari, wanaume wazee ndivyo walivyo. Nimemkumbusha kwamba nina miaka sitini na tisa tu.

Mpinzani wangu ni Pak Kuswanto, jirani, fundi pikipiki mstaafu. Sabini na mbili. Hajui tetere na kuku wanatofautiana wapi. Lakini husimama raundi nzima bila kutikisika. Inakera.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango wa kwanza: kutokunywa. Kisichoingia hakitoki. Tangu alfajiri sikugusa hata maji. Kufika saa tano nikiwa uwanjani kujizoeza, ulimi ulikuwa kama kandambili. Na bado nilikwenda mara tano, kidogo kidogo, mkojo wa rangi ya chai kavu, tena unachoma.

Saa sita nikaona tetere wawili katika kizimba chenye mmoja. Nilizindukia benchini, Kuswanto akinipepea kwa orodha ya washiriki. Akaniuliza kama nina haraka ya kuzikwa. Nikamshukuru, kwa tahadhari.

Jumatano, 6 Agosti
Leo nimekiacha kibofu changu, nikashughulikia chake. Nilimnong'oneza Bu Warsi, mama muuza dawa za mitishamba, ambaye siri kwake ni maji kwenye pakacha: Kuswanto kaonekana kwa madaktari wa mkojo. Niliitunga mwenyewe. Alasiri soko zima lilikuwa nayo.

Jioni akaulizwa pale mgahawani, mbele za watu. Akajibu bila hata kuweka kikombe chini kwamba ni kweli. Alifanyiwa upasuaji wa tezi dume miaka miwili iliyopita, chombo kilipitia njia ya mkojo yenyewe, hana hata kovu, na sasa mkojo wake unapiga ukuta. Wazee wanne wakasogeza viti kuuliza jina la daktari. Na mimi nilisogeza. Jua lilikuwa linanipiga.

Alhamisi, 7 Agosti
Sutinah ana mafua. Amemeza kidonge cha dukani, na saa moja baadaye pua yake ikakauka kabisa. Nikafikiri. Kinachokausha bomba la juu kitashindwaje na la chini? Karatasi ya ndani ina maandishi madogo mno, na miwani ilikuwa mbali. Nimemeza vitatu.

Saa nne zimepita sasa, sijakwenda msalani! Kuna watu wamepewa shahada kwa mambo madogo kuliko haya.

Ijumaa, 8 Agosti
Halikutoka tone. Kulipopambazuka tumbo la chini lilikuwa gumu kama nazi, nami nimelowa jasho, nimesahau hata sala. Sutinah akakimbilia jirani mwenye gari. Jirani mwenye gari ni Kuswanto.

Nililazwa nyuma ya pikapu, katikati ya vizimba vya tetere wake. Kila shimo la barabara nililia, nao wakanijibu. Kuswanto akapaza sauti kutoka kwenye usukani, kama anayetoa alama, kwamba sauti yangu ya mbele ni nzuri, ya mwisho ndiyo inayokatika.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba. Akasoma kadi yangu, akanitazama.

“Mwalimu Darmaji. Mimi Retnowati, darasa la tatu. Niliomba ruhusa ya kwenda msalani, ukaniambia nijifunze kujizuia.”

“Ulijifunza?” nikauliza. Mwalimu ni mwalimu.

“Nilijikojolea mbele ya darasa. Sasa tulia, mwalimu, nipitishe mpira wa mkojo.”

Mpira ukapita. Ikatoka lita moja na nusu. Sijawahi kumpenda mwanafunzi namna ile.

Akaeleza kwamba tezi dume imetanuka na kuibana njia, na vidonge vya mafua viliikaza kabisa. Akanipima kwa kidole (sitaandika zaidi) na kusema haoni dalili ya saratani, ila damu atapima mambo yakitulia. Kanipa vidonge vya kulegeza njia, kimoja kila siku. Mpira ukae hadi Jumanne. Sutinah akauliza ingekuwaje kama ningekuja mwaka jana. Daktari akasema pengine vidonge hivyo hivyo vingetosha.

Njia nzima Sutinah alinisomea kwa sauti ile karatasi ya vidonge vya mafua. Kunyamaza kungenipa ahueni.

Jumapili, 10 Agosti
Mfuko wa mkojo umefungwa kwenye paja, chini ya msuli niliouvaa. Nilisimama raundi zote tatu za majaribio! Sikuhisi haja hata mara moja. Kuswanto alikwenda msalani wakati wa mapumziko, kama mtu wa kawaida.

Kabla ya kura akasimama. Akasema anajitoa. “Mwalimu kapata tabu sana wiki hii. Mpeni, jamani, afurahi.” Watu wakapiga makofi. Bu Warsi akafuta machozi.

Ameniogopa. Mwamuzi mkuu ni mimi.

Jumanne, 12 Agosti
Leo ilikuwa siku ya kutolewa mpira. Nilifika hadi lango la hospitali. Kisha nikafikiri: msimu wa mashindano unaisha Novemba. Nani hung'oa bomba linalofanya kazi? Nikageuza. Sutinah nimemwambia foleni ilikuwa fupi.

Nilipitia duka la dawa kuuliza kama mipira hii inauzwa ya akiba. Muuzaji akasema ikikaa kupita siku zake huleta vijidudu, na homa. Mtu mzuri, ila tetere hawajui.

Tangu adhuhuri natetemeka kidogo, na meno yanagongana. Ni furaha ya cheo.