Kijiko cha Kuonjea

Jumatatu, 3 Machi
Bi Mkubwa, mwenye duka letu la keki, katupeleka wote kupimwa sukari kabla hatujatia kitu mdomoni. Mimi 6.3. Muuguzi akasema kawaida ni chini ya 5.6, na kuanzia 7 ni kisukari. Mimi niko katikati, naelekea huko. Nikamwambia basi sijafika, tatizo liko wapi? Akasema asiyefika ndiye anayeweza kugeuka: nipunguze vitamu, nitembee, nirudi baada ya miezi mitatu. Mimi! Mwonjaji wa keki mwaka wa kumi na moja huu! Mashavu, yule anayepaka keki krimu, kapata 5.0. Kamtangazia hadi muuza magazeti. Na kijiko changu cha kuonjea anakitolea macho.

Jumanne, 4 Machi
Yametimia. Bi Mkubwa kasema nisionje tena mpaka sukari ishuke. Kijiko kapewa Mashavu! Nimelia chooni, kidogo tu. Mke wangu akasema afya kwanza, akaficha kopo la sukari. Hata nyumbani sina mtetezi. Lakini akili ni mali. Nimeazima kipimo kwa shemeji. Bi Mkubwa naye akionekana ana sukari kunizidi, atanirudishia kijiko kwa aibu.

Jumatano, 5 Machi
Nilimvizia akinyunyizia keki ya harusi sukari ya unga, kwa mkono. Nikamwomba tone moja tu la damu, awe mfano kwa wafanyakazi. Akatoa kidole. 24.8! Nikashangilia. Bi Mkubwa akakalia trei ya biskuti na kuanza kutoa wosia. Mashavu akaomba aachiwe tanuri. Tukamkimbiza zahanati. Muuguzi akamnawisha mikono, akapima upya: 4.9. Akaniuliza, kidole kimejaa sukari, nilitaka kipimo kisome nini, chumvi?

Alhamisi, 6 Machi
Nimehamishiwa stoo. Magunia ya unga, ngazi thelathini na mbili, kutwa nzima. Magoti yanalia. Mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Jamani, mimi nilimchimbia Bi Mkubwa!

Jumatatu, 9 Juni
5.4! Muuguzi akasema ni zile ngazi na kukosa keki, niendelee vivyo hivyo. Ngazi! Mtu anajiponya kwa akili yake, sifa zinapewa ngazi. Na Mashavu? 6.1! Miezi mitatu tu na kijiko changu. Kesho anaanza magunia. Maskini, nimemwonyesha gunia zito liko wapi.
Kijiko kimerudi. Nimekibusu mbele za watu. Kisha nikapiga hesabu: kutoka 5.4 kwenda 5.6 pana nafasi. Kwa makadirio yangu, vipande vinne. Nimekula sita. Vile viwili vya ziada havina neno, nilinawa mikono kwanza.